Mashine ya stendi na jani la mchikichi

Swali: Shikamoo Daktari. Mimi ni mwalimu wa biolojia katika sekondari moja hapa Ujiji. Mwezi uliopita mama mkwe wangu alipita stendi akitoka sokoni, akamkuta kijana mwenye kompyuta na kifimbo cha chuma. Unakishika kifimbo kwa dakika moja, halafu kompyuta inatoa kurasa nzima za majibu: ini, figo, mifupa, hata madini yaliyopungua mwilini. Kijana alisema mashine inasoma mawimbi ya kwanta ya seli. Mama akaambiwa figo zimechoka, akanunua makopo mawili ya dawa ya unga, na tangu siku hiyo ameacha vidonge vyake vya presha. Wiki ile ile mwanafunzi wangu wa kidato cha sita akaniuliza kama ni kweli mimea na ndege hutumia fizikia ya kwanta. Nilikuwa bado na hasira, nikamjibu kuwa hayo yote ni utapeli ule ule. Usiku sikupata usingizi. Je, nilimjibu sawa?

Jibu: Marahaba, mwalimu. Nitaanza na mama, kwa sababu mengine yanaweza kungoja na hili haliwezi. Kesho asubuhi mpeleke kituo anakochukulia vidonge vyake, na mbebe yale makopo mawili. Presha haiumi. Mtu huacha vidonge, akajiona mzima wiki tatu, akaamini unga umemponya, kumbe mishipa na figo zinaendelea kuharibika kimya kimya. Mwambieni mhudumu ni siku ngapi hajameza, naye ndiye aseme aanze tena vipi. Makopo yaonekane, maana unga usiojulikana umechanganywa na nini unaweza wenyewe kuziumiza figo. Na kama mama ana hofu ya figo, hofu hiyo ni halali kwa mtu aliyeishi na presha. Figo hupimwa kwa damu, wakiangalia kreatinini, taka ambayo figo huichuja, na kwa mkojo, wakiangalia kama protini inavuja. Vipimo hivyo viwili vitamjibu.

Sasa kijana wako. Kuhusu mashine ulikuwa sahihi. Kuhusu mimea na ndege ulikosea, naye anakudai jibu. Fani hiyo ipo kweli, inaitwa biolojia ya kwanta. Ina maabara zake, ina ubishi wake, ina matokeo yaliyosimama na mengine yaliyoanguka. Hata barani kwetu ipo: Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, kimekuwa na kundi la watafiti wake. Nitakueleza kwa kirefu, kwa sababu watu wa kifimbo wamelichukua neno ambalo si lao, na mwanafunzi wako akishaona linavyotumiwa na wenyewe hatadanganyika nalo tena.

Kwanza, kila atomu ya jani la mchikichi inafuata kanuni za kwanta, yaani kanuni za fizikia zinazotawala chembe ndogo kama atomu na elektroni. Bila kanuni hizo elektroni zingeporomokea kwenye kiini, na kusingekuwa na jani, wala jiwe, wala Ziwa Tanganyika. Kwa maana hiyo dagaa ni wa kwanta na mchanga anaoanikwa juu yake ni wa kwanta, na ukishasema hivyo hujamfundisha mtu kitu. Swali la fani ni jembamba zaidi. Je, kuna kazi ambazo kiumbe hai anazifanya, ambazo hutaweza kuzieleza ukizichukulia chembe zake kama gololi ndogo zinazogongana? Kwa mfano chembe kutokea upande wa pili wa kizuizi ambacho haikuwa na nguvu ya kukiruka. Au chembe kuwa katika hali mbili kwa wakati mmoja. Au chembe mbili kuwa na hali moja ya pamoja ambayo huwezi kuieleza kwa kuitazama kila moja peke yake. Erwin Schrödinger, mmoja wa waasisi wa fizikia hiyo, alilikaribia swali hili katika mihadhara yake ya Dublin mwaka 1943, miaka kumi kabla umbo la DNA halijajulikana.

Wanafizikia wengi walilikataa mapema, na sababu yao ilikuwa nzuri: joto. Hali hizi za kwanta huvurugika upesi sana. Maabara huzihifadhi ndani ya ombwe na kwenye baridi kali, tena kwa taabu. Seli ni kinyume cha hayo yote. Ni vuguvugu, imelowa, na molekuli zake zinapigana vikumbo bila kupumzika. Ni sawa na kutaka kusikia mnong'ono katikati ya soko la Mwanga saa nne asubuhi. Shaka hiyo iheshimu, mwalimu, na mfundishe kijana aiheshimu, kwa sababu kila ninachokieleza hapa chini kilibidi kipite mbele yake kwanza.

Tuanzie jikoni. Wanaosaga unga wa lishe wanajua kwamba soya haisagwi mbichi. Huchemshwa au kukaangwa kwanza, la sivyo uji hubaki na harufu ile ya ubichi wa maharage, isiyotoka hata uweke sukari kiasi gani. Sehemu kubwa ya harufu hiyo inaletwa na kimeng'enya kiitwacho lipoksijenesi, ambacho hushambulia mafuta ya soya mara punje inapopasuka. Moto ndio unaokinyamazisha. Kimeng'enya hicho hicho ndicho shahidi mzito kuliko wote katika fani hii.

Ili aharibu mafuta, shahidi wetu lazima ang'oe atomu moja ya haidrojeni kutoka kwenye molekuli na kuihamishia kwingine. Baina ya mahali ilipo na mahali inapokwenda kuna kilima cha nishati. Vitabu vyenu vya kemia vinasema atomu hupata joto la kutosha, ikapanda, ikashukia ng'ambo, na kimeng'enya kazi yake ni kukipunguza kilima. Hiyo ni kweli, ila si yote. Chembe ndogo ina tabia ya wimbi, na wimbi halikatiki ghafla linapofika ukutani. Hufifia polepole ndani ya ukuta. Ukuta ukiwa mwembamba, sehemu ya wimbi inafika ng'ambo ikiwa bado hai. Maana yake ni kwamba mara nyingine unaikuta chembe upande wa pili, na kilima hakikupandwa. Haikutoboa tundu, wala haikukopa nguvu. Imepenya.

Utajuaje kama imepenya au imepanda? Hapa ndipo ninapoipendea fani hii. Kadiri chembe inavyokuwa nzito ndivyo wimbi lake linavyokuwa fupi na upenyaji unavyopungua kwa kasi kubwa. Asili nayo imetupa haidrojeni ya aina mbili, ya kawaida na ile nzito ambayo ina nyutroni ya ziada, yenye uzito karibu mara mbili, lakini kikemia ni ndugu wa tumbo moja. Basi unaondoa ya kawaida mahali panapong'olewa, unaweka nzito, halafu unapima kasi. Kama atomu inapanda kilima tu, nadharia ya zamani inakubali mwendo upungue kama mara 7 hivi katika joto la kawaida. Kwa lipoksijenesi ya soya mwendo ulipungua takriban mara 80. Hakuna kilima cha kawaida kinachoweza kuieleza tofauti hiyo. Judith Klinman na wenzake wa Berkeley, Marekani, ndio waliofungua njia hiyo. Mwaka 1989 walionyesha dalili za upenyaji wa haidrojeni katika kimeng'enya cha hamira, hamira hii hii inayoumua maandazi.

Elektroni ni nyepesi zaidi ya mara 1,800 kuliko haidrojeni, kwa hiyo yenyewe hupenya mbali zaidi, na ushahidi wake ni wa zamani zaidi. Mwaka 1966 Don DeVault na Britton Chance walichukua bakteria anayetumia mwanga, wakampiga leza, wakapima kasi ya elektroni kuhama ndani yake huku wakimpoza. Mmenyuko wa kawaida hupungua mwendo kadiri baridi inavyozidi. Huu nao ulipungua, mpaka ulipofika takriban nyuzi 150 chini ya sifuri. Kuanzia hapo waliongeza baridi na kasi ikakataa kushuka. Kitu kinachotegemea joto ili kupanda kilima hakiwezi kufanya hivyo. Leo tunajua kuwa chakula tunachokula, ugali na migebuka, hutoa elektroni zinazopita ndani ya mitokondria kutoka kituo hadi kituo cha protini, na mapengo baina ya vituo hivyo kwa kawaida hayazidi nanomita 1.4. Zinayavuka kwa kupenya. Unaposoma sentensi hii unapumua, na oksijeni unayoivuta inakwenda kuzipokea elektroni hizo mwisho wa safari yao.

Hiyo ndiyo sehemu iliyosimama. Kwa maoni yangu ndiyo kubwa kuliko zote, ingawa husimuliwa kwa nadra kwa sababu haina muujiza wa kutangaza.

Sehemu ya pili ni ile ambayo kijana wako bila shaka ameiona mtandaoni, kuhusu mimea, nayo ina historia na mimi mwenyewe. Jani likipigwa na jua, klorofili hunasa nishati na kuipitisha kutoka molekuli hadi molekuli mpaka kwenye kituo cha kazi, na nishati inayopotea njiani ni kidogo ajabu. Mwaka 2007 kundi la Graham Fleming, huko Berkeley pia, lilichapisha kipimo cha protini ya bakteria wa kijani wa salfa, viumbe wanaoishi penye mwanga hafifu na pasipo oksijeni. Wakiwa kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri, na mipigo ya leza ya muda mfupi usiofikirika, waliona mawimbi yakidunda kwenye ishara yao kwa zaidi ya femtosekunde 600. Femtosekunde moja ni sekunde moja iliyogawanywa mara milioni bilioni. Walitafsiri kuwa nishati inasafiri kama wimbi la kwanta, ikizijaribu njia zote kwa pamoja. Mwaka 2010 makundi mengine yakaona midundo ya namna hiyo hata karibu na joto la kawaida. Dunia ikasisimka. Jani linafanya hesabu kama kompyuta ya kwanta, watu wakaandika.

Nami nilisisimka, nikaifundisha habari hiyo kwa miaka kumi. Mchikichi, niliwaambia vijana, una fizikia ambayo maabara zetu zinaitamani.

Mwaka 2017 kundi la Dwayne Miller la Hamburg lilirudia kipimo katika joto la kawaida kwa uangalifu mkubwa. Uratibu wa kielektroni, yaani lile wimbi la kwanta lenyewe, ulikufa ndani ya femtosekunde 60 hivi, mapema mno kuweza kuongoza safari ya nishati. Midundo ile mirefu sehemu kubwa ilikuwa mtikisiko wa molekuli zenyewe, kama ngozi ya ngoma inavyoendelea kutetema baada ya mkono kuondoka. Mwaka 2020 wataalamu wengi wa fani hiyo waliandika kwa pamoja na kukiri kwamba madai ya mwanzo hayakusimama. Kinachobaki ni cha kwanta bado: nishati ikiingia haikai kwenye molekuli moja, hutandazwa juu ya kadhaa kwa pamoja, na hilo linasaidia. Lakini joto na mitikisiko, ambavyo tulidhani ni maadui wa safari, ndivyo vinavyoisukuma kuelekea chini hadi kituoni.

Nilirudi darasani nikawaeleza wanafunzi nilichowafundisha vibaya. Wawili walikuwa wamekwisha kuhitimu, niliwaandikia. Nakusimulia hili, mwalimu, kwa sababu unakwenda kufanya jambo linalofanana nalo, na najua lina uzito gani mbele ya darasa la kidato cha sita.

Ndege sasa, na hapa nitakaa, maana ndiko kuliko na uhai mwingi leo. Tangu miaka ya 1960 Wolfgang Wiltschko wa Frankfurt, Ujerumani, alionyesha kuwa ndege mdogo aitwaye robini wa Ulaya, akiwa ndani ya tundu wakati wa kuhama, hurukia upande anaotakiwa kusafiri hata asipoona jua wala nyota. Ukigeuza uga wa sumaku kwa nyaya za umeme, naye anageuka. Baadaye ikaonekana dira hiyo inahitaji mwanga, hasa wa buluu na kijani. Katika mwanga mwekundu ndege anapotea. Dira ya chuma haijali rangi ya taa. Kwa hiyo hii si dira ya chuma.

Mwaka 1978 Klaus Schulten alipendekeza kuwa ni dira ya kikemia, na mwaka 2000 yeye na wenzake wakaitaja protini inayoshukiwa, kriptokromu, iliyomo ndani ya jicho. Mwanga wa buluu ukiipiga, elektroni moja huruka kutoka sehemu moja ya protini hadi nyingine. Zinabaki elektroni mbili pweke, kila moja na sumaku yake ndogo tunayoiita spini, na spini hizo zimefungamana kwa namna ya kwanta. Jozi hiyo hupishana kati ya hali mbili, mara mamilioni kwa sekunde, na kila hali inaongoza kwenye zao tofauti la kemia. Uga wa dunia, kulingana na mwelekeo wa kichwa cha ndege, hubadili kidogo muda ambao jozi inakaa katika kila hali. Mazao yanabadilika, jicho linapata habari ya mwelekeo.

Mwanafunzi wako mwenye akili atakurukia hapo. Uga wa dunia ni dhaifu mno! Na kweli: nguvu yake juu ya spini moja ni ndogo kuliko msukosuko wa joto kwa zaidi ya mara milioni nne. Inawezekanaje isimezwe?

Mimi nimekulia Tabora, baba yangu akiwa fundi wa reli. Pale Tabora Reli ya Kati inaachana: moja inakuja kwenu Kigoma, nyingine inakwenda Mwanza. Hakuna binadamu anayeweza kuisukuma treni ya mizigo kwa mikono ikabadili safari. Lakini nimemwona mzee mmoja, mwembamba, akivuta mkono wa chuma unaohamisha njia pale reli zinapoachana, na mabehewa yote yakaenda alikotaka yeye. Nguvu ya kuiendesha treni ilitoka kwenye injini. Yeye alichagua njia tu, na alichagua kwa wakati wake, kabla treni haijafika. Ndivyo uga wa dunia unavyofanya. Nishati ya mmenyuko imeletwa na mwanga. Spini nazo karibu hazihisi vikumbo vya joto, kwa sababu vikumbo hivyo husukuma atomu na spini haina pa kushikwa nazo. Kwa muda wa kama sehemu moja ya milioni ya sekunde jozi iko njia panda, na hapo mguso mdogo unatosha.

Ushahidi? Mwaka 2004 ilionyeshwa kuwa mawimbi dhaifu ya redio huvuruga dira ya robini, jambo ambalo sumaku ya chuma isingelijali. Kule Oldenburg, Ujerumani, ndege walikataa kabisa kuelekea popote ndani ya vibanda vya mbao chuoni, mpaka watafiti walipozungushia mabati ya alumini na kuyaunganisha na ardhi. Wakatulia na kuelekea vizuri. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2014. Masafa yaliyowasumbua yalikuwa ya chini, yanayofika eneo la redio za AM, si ya simu za mkononi, na hilo lisisitize darasani kabla uvumi haujazaliwa. Mwaka 2021 kundi la Oldenburg na Oxford liliitengeneza kriptokromu ya robini maabara na kuona inaitikia sumaku, tena zaidi ya ile ya kuku na ya njiwa, ndege wasiohama. Lakini sumaku waliyotumia ilikuwa na nguvu nyingi kuliko ya dunia, na protini ilikuwa ndani ya chombo, si ndani ya jicho la ndege aliye hai. Pengo hilo halijazibwa. Aidha, kwa miaka mingi nzi wa matunda walitajwa kuwa nao wana dira hiyo, na mwaka 2023 jaribio lililotumia zaidi ya nzi 97,000 halikuona chochote. Kwa hiyo mwambie kijana hivi: kwa ndege, nadharia ya jozi za spini ndiyo inayoongoza, na mimi ningeiwekea dau, lakini haijathibitishwa hadi mwisho.

Yapo mengine nitayapitia haraka. Harufu: Luca Turin alidai mwaka 1996 kuwa pua inasikia mitetemo ya molekuli kwa njia ya upenyaji wa elektroni. Vipimo vya mwaka 2015 kwenye vipokezi vyenyewe vya harufu havikumuunga mkono, nami sioni kama ameshinda. DNA: Per-Olov Löwdin alipendekeza mwaka 1963 kuwa protoni zinaweza kupenya kutoka uzi mmoja wa DNA hadi wa pili na kusababisha makosa ya kunakili. Hesabu za miaka ya karibuni zinaonyesha protoni zinapenya kweli. Kama makosa hayo yanaifikia seli au yanarekebishwa kabla, hapo kazi inaendelea. Ubongo: Roger Penrose, aliyepata Nobel mwaka 2020 kwa kazi ya mashimo meusi, pamoja na daktari wa usingizi Stuart Hameroff, wanasema fahamu inatokana na hali za kwanta ndani ya vijimirija vya seli za ubongo. Max Tegmark alipiga hesabu mwaka 2000 akapata kuwa hali hizo zingevurugika mapema mno, kabla neva haijafanya lolote. Kijana wako atakutana na habari hii kwenye video nyingi kuliko zote. Mwambie asubiri kipimo.

Na jicho, kwa ajili ya wavuvi wenu wanaotoka na taa usiku wa giza: chembe moja tu ya mwanga ikigusa molekuli ya rodopsini nyuma ya jicho, molekuli hiyo hujipinda ndani ya femtosekunde 200 hivi, na seli nzima ya jicho inaamka. Hakuna kamera sokoni inayofanya kazi hiyo kwa bei ya sahani ya wali.

Sasa turudi stendi. Angalia ilivyohitajika kuona wimbi dogo la kwanta kwenye protini moja: leza za femtosekunde, baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, miaka kumi ya ubishi, na bado walikosea tafsiri. Angalia ndege waliovurugwa na kelele ya redio ambayo hakuna mtu aliyeihisi. Halafu kijana anakuja na kifimbo penye injini za mabasi na nyaya za umeme, anasoma figo kwa dakika moja. Kifimbo kinachoshikwa kiganjani kinaweza kupima jinsi umeme unavyopita kwenye ngozi, na hilo hutegemea jasho. Figo haina "wimbi la figo yenye afya" lililoandikwa mahali ili mashine ilinganishe nalo. Ukitaka kumwonyesha mama badala ya kubishana naye, mpeleke mtu mwingine pale ashike kifimbo mara mbili kwa majina tofauti na umri tofauti, mara moja mkono ukiwa mkavu na mara ya pili umelowa. Wekeni karatasi mbili mezani, mama azisome mwenyewe. Sharti moja: awe amekwisha rudi kwenye vidonge kabla ya jaribio hilo.

Kwa mwanafunzi nina jaribio jingine, na hili linafanyika hapo hapo Ujiji. Mpe sindano ya kushonea na uzi mwembamba. Aijaribu kwanza kama imeshapata sumaku, isiwe nayo. Aifunge katikati hadi ining'inie mlalo kabisa, kisha aweke tone la gundi juu ya fundo lisiteleze. Halafu aisugue kwa sumaku ya spika mbovu, kuelekea upande mmoja tu, mara 30 au 40. Akiitundika tena, mbali na chuma, itageuka kaskazini na kusini kama alivyotarajia. Lakini haitalala mlalo tena. Ncha ya kusini itashuka, na kama alifunga katikati kwa usahihi itakaribia nyuzi 30 chini ya mlalo. Kule Frankfurt ncha ya kaskazini ndiyo ingeshuka, tena kwa zaidi ya nyuzi 60.

Ndege wa Wiltschko hawaijui kaskazini. Wanachosoma ni mwinamo huo tu: upande ambao mistari ya uga inazama ardhini ni wa kuelekea ncha ya dunia, upande wa pili ni wa kuelekea ikweta. Sasa muulize kijana: ndege anayeondoka Ulaya kuja kwetu, akifika Ethiopia ambako sindano yake ingelala mlalo kabisa, anajuaje pa kwenda? Na akivuka, dira ile ile inayosema "elekea ikweta" si itamrudisha alikotoka? Mwache ahangaike nayo siku mbili. Kisha mwambie kuwa mwaka 1992 Wiltschko na mkewe Roswitha walichapisha jaribio la ndege wa jamii ya Sylvia borin, anayekuja hadi Afrika ya kwetu. Waliwaweka kwa muda ndani ya uga uliolazwa mlalo, kama vile wamefika Ethiopia, kisha wakawarudishia uga wa Ulaya. Ndege ambao awali walikuwa wakirukia kusini, kuelekea ikweta, sasa walirukia kaskazini, kuelekea ncha. Dira ilikuwa ile ile, wao ndio waliogeuza namna ya kuisoma, na kwa ndege aliyekwisha kuvuka kweli, kuelekea ncha ndiko kuja Kigoma.